Maiti Mmoja Amebaki Nje

Haji Mizhiri alikuwa na sharti moja tu, na alilitoa siku ya kwanza kabla hata chai haijaletwa.

"Binti yangu, maiti wangu wote waingie humo. Wote! Akibaki nje hata mmoja, kompyuta yako ibebe uende nayo, tubaki kusalimiana tu njiani."

Ibtihal alicheka. Alidhani ni mzaha wa wachimba makaburi, maana watu wale wana mizaha yao, na sisi tuliokulia ukingoni mwa Wadi Salamu, yale makaburi makubwa ya Najafu, tumeizoea. Lakini Haji hakucheka. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mfupi, ndevu za hina, na nyumba yao ilikuwa ikizika watu wa Najafu na wa Diwaniya tangu enzi za babu yake. Madaftari ya maiti yalijaa kabatini nyuma yake, yale ya zamani yamevimba kwa unyevu. Kwake yeye kila aliyeandikwa mle alikuwa amana. Kaka yake alipoteza daftari moja mwaka ule vita vilipoingia makaburini, na hadi leo kuna watu wanakuja na maji ya waridi, wanazunguka juani, hawajui wayamwage wapi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, mwezi na nusu kabla ya Idi Kubwa. Ibtihal alitakiwa atengeneze programu ya wavuti: mtu akae kwake Basra, au hata huko Uswidi, aandike jina la marehemu wake, aonyeshwe mtaa wa kaburi, safu na namba. Mwalimu wake, Ustadhi Muhannadi, alikuwa amemwambia wazi kwamba hatalitia jina lake kwenye orodha ya wanaopelekwa kazini Baghdadi mpaka amwonyeshe kitu kinachotumiwa na watu wa kweli. Mara mbili alikwisha kupeleka kazi na mara mbili akaambiwa bado. Hii ya tatu ilikuwa ya mwisho. Na Idi ndiyo siku ambayo nusu ya Iraki humiminika makaburini, kwa hiyo ama programu iwe tayari siku ya Arafa, mkesha wa Idi, ama basi.

Mtu pekee ambaye hakuipenda habari ile alikuwa mama yake.

"Kazi zote za duniani umezikosa?" alisema Mama Ibtihal, huku akipanga vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika. "Msichana mzima unakwenda kushinda na daftari za wafu."

"Mama, ni mafunzo tu. Ni Java, lugha ya kompyuta."

"Java ndiyo nini mbele ya wafu? Mwambie mwalimu wako akupe duka la nguo."

Ibtihal alimbusu kichwani akaondoka. Mama yake alikuwa mtu wa hofu nyingi, hiyo ilijulikana mtaa mzima.

Darasa la Ustadhi lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mashine za kuchapia, wanafunzi wanane na feni moja. Sasa, kinachomsumbua mtu anayejifunza kile kiunzi cha Java, mifupa ya programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, ni kwamba haoni mkono unaokiendesha. Unaandika kipande cha kupokea ombi la mtu, unaandika kipande cha kwenda kwenye hifadhidata, juu ya kila kimoja unaweka alama ya neno moja, unaondoka zako. Ukiwasha, kuna kitu usichokiona kinapita kwenye vipande vyote, kinaviamsha, kinaviunganisha. Wiki za mwanzo Ibtihal hakutulia.

"Ustadhi, hiki nani amekianzisha? Mimi sikukianzisha."

"Kiunzi."

"Kimejuaje?"

"Umekiwekea alama, bibie."

"Na kama mimi sikutaka kiamke?"

Ustadhi Muhannadi akavua miwani. Alikuwa kijana mnene mwenye ulimi mkali na moyo wa siagi. "Jamani, mwenzenu anaogopa majini ndani ya kompyuta. Mleteeni hirizi!"

Darasa likaangua kicheko, na Ibtihal akacheka nao. Lakini kusema kweli aliogopa kidogo, na hofu ile hakuimaliza. Kila akiwasha programu, mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo cheusi, alikuwa anahisi kama amefungua mlango wa nyumba ya watu.

Alijifunza, hata hivyo, na alijifunza vizuri. Kwa programu ya Haji alifanya uamuzi ambao aliuona wa akili sana. Hakutenga wateja na maiti. Wote aliwaweka sehemu moja, akaiita Mtu, maana anayekuja kutafuta kaburi leo ataandikwa kwenye kaburi kesho. Haji alipoelezwa alipiga paja.

"Umenena! Hapa kwangu ndivyo ilivyo. Leo mteja, kesho mkazi!"

Kisha akaja kwenye swali ambalo kila anayejifunza hulifikia: kompyuta itajuaje kwamba mtu huyu ndiye yule? Ibtihal akaandika kanuni. Jina lako, la baba, la babu, la ukoo, jina la mama yako na siku uliyozaliwa. Vyote sita vikilingana, huyo ni mtu mmoja, asiandikwe mara ya pili.

"Una uhakika?" Ustadhi alimuuliza.

"Ustadhi, watu wawili, baba mmoja, mama mmoja, siku moja, jina moja? Hata mapacha hupewa majina mawili."

Ustadhi akafikiri, akakubali. Na yeye ni mtu wa hapa hapa, mwana wa Najafu, alitakiwa ajue. Hakujua, au alisahau.

Ili kuijaribu programu, mtu wa kwanza aliyemwandikisha alikuwa yeye mwenyewe. Aliweka kitambulisho chake mezani akanakili kila kitu kama kilivyo. Mtu namba 1.

Maiti walikuwa tayari kwenye kompyuta, kwa namna fulani. Binti wa Haji, kabla hajaolewa, alitumia majira matatu ya baridi kuyanakili madaftari ya baba na babu yake kwenye majedwali. Kwa hiyo Ibtihal hakuhitaji kuandika majina. Aliandika kipande cha kuyapakia yote kwa mkupuo. Mwanzoni kilikwama kila dakika, hapa tarehe imekosewa, pale jina la babu halipo, mpaka akachoka akaongeza mistari mitatu ya kusema: ukikutana na kosa, pita, endelea. Kazi ikaenda. Makosa aliyokwisha kuyaona aliyasahihisha kwa mkono, moja moja, na siku tatu kabla ya Arafa akawa amemaliza.

Alihesabu. Kwenye majedwali, maiti 11,412. Kwenye programu, 11,411.

Akafuta, akapakia upya. 11,411.

"Amebaki mmoja," alimwambia Haji.

"Nani?"

"Sijui, Ami Haji. Hajisemi."

Haji akaacha tasbihi. "Mtafute," alisema. "Watu wake watakuja Idi. Nitawaambia nini, kwamba kompyuta imemkataa?"

Basi akaanza kumtafuta. Ofisi ya Haji ina chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama makaburi, na huko alikaa siku mbili, jua limewaka kweupe, jenereta la mtaa linanguruma, umeme unakatika na kurudi. Kila unaporudi anaanza upya. Alikuwa akigawa nusu kwa nusu. Anapakia nusu ya kwanza: wote wanaingia. Nusu ya pili: mmoja hayumo. Anaigawa hiyo nusu, anapakia. Wote. Upande wa pili: mmoja hayumo. Kila mgawo ulimsogeza karibu na yule mtu, na kila aliposogea alizidi kukosa raha. Majedwali aliyafunga kwa mafungu tu, hakuyafungua kusoma, na bado alihisi kuna mtu amesimama upande wa pili wa mlango, kimya, anasubiri kukaribishwa. Mara mbili alikwenda kufungua mlango wenyewe. Hapakuwa na mtu, ila paka wa Haji amelala kivulini.

"Umepauka," Haji alimwambia siku ya pili alipomletea chai.

"Ni joto, Ami."

Fungu likabaki la maiti mia moja, wa majira ya baridi ya mwaka tisini na saba. Hapo umeme ukakatika tena, na Ibtihal akampigia simu Ustadhi Muhannadi karibu na kulia.

"Nisomee kosa linasemaje," alisema Ustadhi.

"Hakuna kosa. Inapita tu."

Ustadhi akashusha pumzi ndefu. "Ibtihal. Usiniambie umeliziba kosa mdomo."

"Yalikuwa yananikwamisha..."

"Mungu wangu! Nimewaambia mara ngapi? Kosa likitaka kusema, liache liseme! Linajua kitu wewe hukijui. Siku mbili unazunguka kama punda wa kinu, na jibu unalo, umelikaba koo mwenyewe. Ifute hiyo mistari, washa."

Umeme uliporudi aliifuta ile mistari mitatu. Akawasha. Mistari myeupe ikateremka, ikasimama, na kosa likasema. Halikuwa refu. Lilisema mtu huyu yupo tayari, na kwamba anagongana na Mtu namba 1.

Ibtihal akajua mara moja namba 1 ni nani. Hata hivyo alikwenda kuitazama, kama mtu anayejua amefunga mlango na bado anarudi kuushika kitasa. Kisha akalifungua jedwali, akateremka hadi kwenye safu iliyokataliwa.

Ibtihal Jabbar Mutashar, na ukoo wao. Mama: Nadhima Aboudi. Kuzaliwa: 14 Machi 1996. Kuzikwa: 22 Januari 1997. Mtaa wa kumi na tisa, safu ya nne, namba thelathini na moja. Mwishoni palikuwa na maelezo, maana marehemu baba yake Haji alikuwa na mazoea ya kuandika neno moja mawili asije akamsahau mtu: Mtoto wa kike. Baba kaja peke yake. Kasema asiwekewe jiwe.

Alisoma mara tatu. Ni jina lake, ni baba yake, ni mama yake. Ni siku yake ya kuzaliwa, ile ambayo kila mwaka mama yake huumwa kichwa na kujifungia chumbani. Alijishika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na hakuona aibu kwamba anahakikisha kama upo.

"Ami Haji," aliita. "Ami Haji, mlinizika?"

Haji akaja akiburuta kandambili. Akavaa miwani, akasoma huku akichezesha midomo. Kwanza alicheka. "Ala! Wallahi binti yangu kakosea kunakili, amechanganya na..." Kisha akaona tarehe. Akaenda kabatini, akavuta daftari lenyewe, akapangusa vumbi kwa kiganja. Hati ya baba yake ilikuwa pale, wino umekuwa kahawia. Hakuna aliyekosea kunakili.

"A'udhu billahi," alisema Haji taratibu, akakaa.

"Ni mimi?"

"Wewe uko hapa, unakunywa chai yangu."

"Basi huyu ni nani?"

Haji akakunja daftari bila kulifunga, kidole kimebaki ndani. "Ile miaka ya vikwazo, mwanangu, nchi imefungiwa kila kitu, watu walifanya mambo. Wengi. Si kwenu tu. Kaulize nyumbani, mboni yangu. Mimi kazi yangu ni kuzika, siyo kufukua."

Alitoka kwa miguu. Ilikuwa saa tisa alasiri, siku moja kabla ya Arafa, mitaa imejaa watu wanaonunua nguo za watoto. Alipita katikati yao na hakuna aliyempisha wala kumgonga, na wazo la kijinga likamwingia kwamba labda hawamwoni. Muuza maji akamwita, "Dada, baridi hii!" na Ibtihal akashukuru karibu amkumbatie.

Mama yake alikuwa jikoni anatengeneza kleicha, zile biskuti za tende zisizokosekana Idi, mikono imezama kwenye unga hadi viwikoni.

"Umewahi leo. Njoo unisaidie kukunja."

"Mama, mtaa wa kumi na tisa, safu ya nne."

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Namba thelathini na moja," aliendelea Ibtihal. "Ni nani?"

Mama Ibtihal hakupiga kelele, wala hakujifanya hajui, na hilo ndilo lililomtisha zaidi binti yake. Aliitoa mikono taratibu, akakaa kwenye kigoda na unga wake vile vile, akautazama ukuta.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia usiende kule."

"Ni dada yangu?"

"Ni mwanangu. Alikuwa na miezi kumi. Kifua. Hospitalini walisema dawa ipo Jordani. Baba yako alimchukua kwenye blanketi kabla ya adhuhuri, akarudi mikono mitupu, akaniambia, Nadhima, usilie kwa sauti, majirani watasikia."

"Wakisikia nini?"

"Kadi ya chakula, mwanangu! Kadi. Tulikuwa wanne kwenye kadi, mimi, yeye, mama yake na mtoto. Unga wa watu wanne, mchele wa watu wanne, na makopo ya maziwa ya mtoto. Tukisema amekufa, tunabaki watatu, na hata kwa wanne tulikuwa tunalala tumejikunja kwa njaa." Alikuwa akiongea haraka sasa, kama anayeogopa kukatizwa. "Basi hakufa. Ndivyo tulivyosema. Mtu akiuliza, amelala, yuko kwa bibi yake Diwaniya. Mwezi uliofuata baba yako akaenda kwa wakala wa chakula, akaleta unga, akaleta na maziwa yake. Makopo manne. Nikayatazama siku tatu. Siku ya nne nikayatia kwenye chai nikanywa. Na kifua changu mwenyewe kilikuwa bado kinatoka maziwa, Ibtihal. Nikanywa ya kwake."

Ibtihal alitaka kumgusa, mkono haukwenda.

"Kisha mimi."

"Kisha ukaja wewe. Baba yako akasema ni rehema, nafasi yake ipo, jina lipo, karatasi zipo, hatuna haja ya kwenda kupiga foleni na kuulizwa maswali. Nilikuwa nimechoka. Nikasema haya."

"Kwa hiyo mimi nilizaliwa lini?"

Mama akaanza kukwangua unga kwenye vidole.

"Mama, nilizaliwa lini?"

"Mwaka uliofuata. Ilikuwa imeanza baridi. Mvua ilikuwa inanyesha, paa linavuja upande ule wa mlangoni..." Akainua uso, na Ibtihal akaona kwamba mama yake anatafuta kwa kweli, anapekua kila kona ya kichwa chake. "Baba yako hakutaka iandikwe popote. Alisema tukiikumbuka tutaropoka siku moja. Nikajizoesha kuisahau. Nilidhani nimejizoesha tu. Kumbe imekwenda."

Unga ulikuwa unamkauka mikononi. Nje mtoto wa jirani alikuwa anajaribisha filimbi ya Idi, anapuliza bila kuchoka.

"Na kaburi lake hulijui," alisema Ibtihal. Halikuwa swali.

"Alinionyesha mara moja, kwa mbali. Jiwe alikataa, jiwe ni ushahidi. Kisha vita vikapita mle vikasaga kila kitu, kisha yeye mwenyewe akafa." Mama akajifuta pua kwa bega. "Kila Idi nikiaga naenda kwa bibi yako, nakwenda kumwagia maji kaburi dogo moja la mtoto wa watu. Nilichagua moja nikasema, labda ni hili. Mungu anisamehe na mwenye mtoto wake anisamehe."

Asubuhi ya Arafa walikwenda pamoja, mama amevaa abaya yake nzuri na kukumbatia chupa ya maji ya waridi. Haji Mizhiri alimpa kiti bila kumuuliza kitu. Ibtihal akaketi mbele ya kompyuta.

Angeweza kumaliza kwa kubonyeza mara mbili tu. Tarehe kumi na nne ingekuwa kumi na tano, na maiti angeingia bila kugongana na mtu. Alikwisha kuweka kidole. Lakini siku ile ilikuwa ya yule mtoto. Alizaliwa nayo, akaishi miezi kumi, akaiacha. Aliyekuwa hapa bila siku yake mwenyewe ni mtu mwingine. Na hapo hapo Ibtihal akamwonea wivu mtoto wa miezi kumi aliyekufa, wivu wa kweli wenye kuuma, kwamba yeye alikuwa na kila kitu kilichojazwa, hata namba ya kaburi. Alijichukia kwa hilo na halikuondoka.

Akaifuta kanuni yake ya vitu sita. Akaandika nyingine kama Ustadhi alivyomwelekeza usiku uliopita kwa simu: kila mtu apewe namba yake tu, asitambuliwe kwa jina wala wazazi wala siku. Akawasha. Kile kitu kisichoonekana kikapita kwenye vipande vyote, kikaviamsha.

11,412.

"Wote wamo," alisema.

Haji akainama akaisoma namba mwenyewe, tarakimu moja moja. "Alhamdulillahi. Hajabaki hata mmoja." Kisha akamgeukia mama. "Njoo, Mama Ibtihal. Twende nikupeleke."

Simu ikalia wakiwa mlangoni. Ilikuwa Ustadhi Muhannadi, anapiga kelele kwa furaha kiasi kwamba hata Haji alisikia. "Nimeiona! Nimeifungua hapa nyumbani nikamtafuta babu yangu, nimempata! Msichana wewe, nimekutia kwenye orodha! Nipe jina kamili na tarehe ya kuzaliwa niwapelekee watu wa Baghdadi sasa hivi, kabla hawajafunga kwa sikukuu."

Ibtihal alisimama na simu sikioni.

"Haloo? Ibtihal? Jina na tarehe, basi."

"Nitakupigia, Ustadhi."

"Unipigie nini? Hujui umezaliwa lini?"

Akakata. Haji na mama walikuwa wameshatangulia. Akawafuata kati ya kuta fupi na makaburi yaliyobanana, njia ambazo watu wawili hawapishani, mpaka mtaa wa kumi na tisa, mpaka safu ya nne. Haji akahesabu kwa fimbo kuanzia pembeni, akarudia kuhesabu, akasimama. Palikuwa na udongo tu na vipande vya matofali, mahali padogo kiasi cha mtu kupakosa hata akiwa amepakanyaga. Akaigonga ardhi mara moja. "Hapa," alisema, akaondoka kwa adabu asionekane.

Mama yake akapiga magoti. Hakulia kama Ibtihal alivyotarajia. Alianza kuokota vipande vya matofali na kuviweka pembeni, kimoja kimoja, kama anayetandua kitanda cha mtu aliyelala. Akafungua chupa. Maji yakaingia ardhini haraka, na harufu ya waridi ikapanda na joto. Kisha akainama mpaka paji la uso likakaribia udongo, akaita kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia tangu azaliwe, sauti changa, ya mama mwenye miaka ishirini.

"Ibtihal!"

"Naam, mama," aliitika Ibtihal, akasogea hatua moja.

Mama hakugeuka.

"Si wewe," alisema.